Kuhamia Mwanza: je, hewa nzuri ni nafuu ya maisha?

Wapo wanaodai kwamba mtumishi au mstaafu wa kipato cha kawaida atanufaika akihama Dar es Salaam na kuja Mwanza, kwa sababu huku hewa ni nzuri na maisha ni nafuu. Hoja ya kwanza naikubali. Ya pili, kama inavyoelezwa, ina kasoro.

Kuhusu hewa sina ubishi. Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na upepo wa ziwa hupunguza ukali wa jua, kwa hiyo lile fukuto la Pwani la kuanzia Desemba hadi Machi, linalomlazimu mtu kuwasha kiyoyozi na kuziona yuniti za LUKU, umeme wa kulipia kabla, zikiyeyuka, halipo huku. Hiyo ni akiba ya kweli.

Ila akiba hiyo inaweza kumezwa na mtaa. Chumba cha bei ndogo mara nyingi kiko juu mlimani, pande za Mabatini au Igogo, ambako bodaboda hukomea chini na kinachofuata ni vijia vya kupenya kati ya miamba. Saruji, mkaa, mtungi wa gesi na dumu la maji vyote hupandishwa kwa bega la mtu, na bega hilo lina bei. Maji ya bomba nayo huchelewa kufika juu, kwa hiyo asiye na simtanki hununua. Ukishuka bondeni, karibu na Mto Mirongo, ngazi huzioni tena lakini mvua ya masika inakusubiri. Ukienda Buswelu au Kisesa, kiwanja ni kipana, na nauli ya kwenda na kurudi mjini huanza kuhesabika.

Kuna pia wanaovutiwa na viwanja vya ufukweni vinavyouzwa bei ya kutupa. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na mwaka 2020 ziwa lilijaa kupita kiasi likaingia kwenye makazi ya watu.

Tusisahau malaria, ambayo Kanda ya Ziwa inaisumbua kuliko Dar es Salaam, wala bidhaa za bandarini zinazosafiri zaidi ya kilomita 1,100 kwa barabara kabla ya kufika dukani kwetu. Dagaa wa Kirumba ni nafuu, sikatai (sangara mnono huishia kiwandani kwa ajili ya soko la nje), lakini hakuna anayejenga nyumba kwa dagaa.

Kwa hiyo anayesema Mwanza ni nafuu atutajie mtaa, siku ambazo maji hutoka kwa wiki, na nauli anayolipa kufika kazini. Hapo tutakuwa na cha kulinganisha na bili ya kiyoyozi.