Filamu ya Kijapani kuhusu upweke na tamaa: Oh Lucy! au Air Doll?

Mpenzi wa Sinema: Wakuu, natafuta filamu ya Kijapani inayochekesha na kuumiza kwa pamoja, kuhusu mtu mpweke anayetamani kuguswa. Nimetajiwa Air Doll ya Hirokazu Kore-eda (2009) na Oh Lucy! ya Atsuko Hirayanagi (2017). Nianze na ipi?

Mama Tausi: Oh Lucy!, bila kusita. Setsuko ni mfanyakazi wa ofisi Tokyo, umri umesogea, nyumba imejaa makorokoro. Anaingia darasa la Kiingereza; mwalimu Mmarekani anamvisha wigi la rangi ya dhahabu, anampa jina la Lucy, anamkumbatia. Basi! Mwalimu anapoondoka na binti wa dada yake Setsuko, Setsuko anafunga safari kumfuata hadi California. Shinobu Terajima, anayemwigiza Setsuko, hampambi hata kidogo. Anakera, anaumiza watu wake, na bado unamwonea huruma. Ni filamu ngapi zinazomruhusu mwanamke wa makamo atamani hivyo?

Kijana wa Tanga: Dada, Air Doll inagusa zaidi. Mwanasesere wa kujazwa upepo, aliyenunuliwa na mhudumu wa mgahawa ili asilale peke yake, anapata moyo, anatoka nje na kuajiriwa duka la kukodisha video. Siku moja anachanika, upepo unamtoka, na kijana anayefanya naye kazi anamjaza tena kwa pumzi yake. Hapo nilisimamisha filamu nikatulia kwanza. Bae Doona, Mkorea, ameicheza kwa macho tu.

Mama Tausi: Hapo ni pazuri, nakubali. Ila wapweke wengine wa mtaani wanapita haraka mno, hatuwazoei.

Mzee wa Reli: Vijana, mmeiacha Warm Water Under a Red Bridge ya Shohei Imamura (2001). Koji Yakusho anaigiza mtu aliyepoteza kazi, anakwenda rasi ya Noto kusaka sanamu ya dhahabu ya Buddha, anampata Saeko, ambaye maji humjaa mwilini mpaka alale na mwanamume. Yakimwagika mtoni, samaki hukusanyika. Yakusho huyohuyo yumo Oh Lucy!, anasoma darasa moja na Setsuko.

Mama Tausi: Shikamoo mzee. Hiyo inasherehekea tamaa, lakini upweke inaupitia juujuu.

Mzee wa Reli: Marahaba. Mwangalie tena Saeko kabla maji hayajamjaa.

Mpenzi wa Sinema: Oh Lucy! kwanza, basi. Inafaa kuangalia na watoto?

Mama Tausi: Hapana. Inaanza na mtu kujirusha mbele ya treni. Walaze kwanza.