Mjadala: Gari la kale likitiwa injini ngeni, bado ni turathi?

Mtoa hoja, Malindi

Hamjambo nyote. Naleta hoja iliyowagawa wapenzi wa magari ya kale hapa pwani, nami nina upande wangu ndani yake: je, gari la michezo la zamani lililong'olewa injini ya kiwandani na kutiwa ya gari jingine lihesabiwe turathi, au limekwisha kuwa kitu kingine kisichostahili kusimama safu moja na yale yaliyohifadhiwa jinsi yalivyokuja? Wapo wanaotaka magari ya namna hiyo yafungiwe milango ya maonyesho kabisa. Mimi napinga, na sababu zangu nimezipata kwa kuishi na gari kama hilo miaka 11.

Gari lenyewe ni Datsun 240Z. Kwa vijana wasiolijua, aina hii ndiyo iliyoshinda mbio za East African Safari mwaka 1971 mikononi mwa Edgar Herrmann, na ikashinda tena mwaka 1973 ikiendeshwa na Shekhar Mehta. Injini yake ya asili, L24, ina silinda 6 za mstari mmoja, ujazo wa sentimita za ujazo 2393, na kabureta mbili za kuchanganya petroli na hewa. Langu nililikuta Ganda, karibu na Malindi, chini ya mwembe, boneti wazi, maji ya mvua yamesimama ndani ya silinda. Tulizichonga silinda, tukatia pistoni za saizi ya juu, likatembea miezi saba. Kisha bloku, yaani kiwiliwili cha injini, ikapasuka, maji yakaingia kwenye oili, na oili ikageuka rangi ya chai ya maziwa.

Bloku nyingine sikuipata. Sheria za Kenya kwa kawaida haziruhusu kuingiza gari la mtumba lililopita miaka 8, kwa hivyo hazitarajiwi 240Z nyingine za kuvunjwa spea. Zilizopo ni zile zilizosalia. Injini ya Toyota 1JZ-GE, ambayo nayo ni ya silinda 6 za mstari, lita 2.5, ilipatikana Mombasa ikiwa imetolewa kwenye Mark II, na mafundi wetu wanaijua hata wakifumba macho. Nikaitia hiyo.

Wengi hudhani kazi huisha siku injini inapowaka. Kabureta hutosheka na petroli ya shinikizo dogo, ilhali injini ya injekta, inayonyunyiziwa petroli, hutaka pampu yenye nguvu na bomba la kurudisha petroli kwenye tanki. Propela, mhimili unaopeleka nguvu magurudumu ya nyuma, ilibidi ikatwe na kusawazishwa upya, na rejeta ikabadilishwa kwa kubwa zaidi, maana joto la Malindi mwezi wa Machi si la kufanyiwa mzaha. Hata hivyo kilichonitesa zaidi ni hewa ya chumvi. Mwaka wa tatu gari lilizima usiku karibu na daraja la Sabaki, ghafla, bila dalili yoyote. Tulipofungua soketi ya sensa ya krenkishafti, inayopima mzunguko wa injini, tukaona pini moja imeota kutu ya kijani, unga laini kama ukungu wa mkate. Fundi aliikwangua kwa ncha ya kisu, akaifuta kwa kitambaa chenye petroli, akapaka grisi, na gari likawaka. Kabureta isingeniacha njiani kwa jambo dogo kama hilo, na hili nawakubalia wazi wanaonipinga. Tangu siku hiyo, kila kusi inapoanza, nafungua soketi zote moja baada ya nyingine.

Lakini gari linatembea. Limekwenda Mombasa na kurudi mara nyingi, kilomita 120 hivi kila upande. Ningesubiri bloku ya asili, lingekuwa bado chini ya mwembe.

Mchangiaji, fundi mstaafu, Malindi

Mwanangu, nimekusoma kwa makini, ila kuna jambo umelipita. Kuzilinganisha kabureta mbili zivute hewa sawasawa ni kazi ya sikio: unatia ncha moja ya bomba la mpira sikioni, ya pili unaiweka kwenye mdomo wa kabureta, unasikiliza mvumo wa hii, kisha wa ile, na unaigeuza skrubu taratibu mpaka usiweze kuzitofautisha. Kijana wa leo ana kifaa cha kusoma hitilafu, sikio hilo hana, na kila gari linalotiwa injini ngeni linampunguzia nafasi ya kulipata. Tena kibati kilicho chini ya boneti yako kinataja 2393, na injini iliyolala hapo ni ya Toyota. Atakayelinunua baada yako ataamini kipi?

Mchangiaji, Lamu

Huku kwetu jahazi likitiwa mashine haliingii mashindano ya tanga, wala hakuna anayelivua jina la jahazi, kwa kuwa mkuku na mataruma, yaani uti na mbavu zake, ni yale yale. Maonyesho yawe na mafungu mawili.

Mtoa hoja, Malindi

Shikamoo, mzee wangu. Kuhusu kibati, namba ya chesisi haikuguswa, na namba ya injini mpya iliandikwa kwenye kitabu cha gari baada ya ukaguzi. Asiyefanya hivyo anajitafutia balaa na polisi na bima, na huyo akifungiwa mlango sitamwombea. Maunti, vishikizo vya injini, nilizifunga kwa bolti kwenye matundu ya zamani bila kukata bodi, kwa sababu gari lisiloweza kurudishwa hali yake ya kwanza ndilo ninaloliona limeharibiwa. Vilevile simtetei anayeng'oa injini nzima, inayofanya kazi, kwa tamaa ya kasi: nyuma gari hili lina breki za ngoma, na hazikukusudiwa nguvu za kuongezwa ovyo. Mafungu mawili aliyoyataja ndugu yetu wa Lamu nayakubali, mradi kila gari liandikwe mbele yake injini iliyomo na iliyotoka.

La sikio limenigusa, mzee, kwa kuwa ni kweli, na injini yangu mpya haina jibu lake. L24 bado ninayo stoo, imepakwa oili na kufunikwa turubai, kabureta zote mbili zikiwa kamili. Kama unamjua mtu anayeweza kuziba ufa wa bloku ya chuma cha kusubu bila kuupanua, nitaipakia Jumamosi nikuletee, na vijana wawili wa gereji nitakuja nao wausikie huo mvumo.