Ndoo ya F5 (gumzo la kikundi cha ukoo, mwishoni mwa Mei 2025)

Mama Hamisi: Shikamooni wakubwa, hamjambo wadogo. Mtoto wetu Rehema amefika salama. Kamaliza mtihani jana, leo saa nane mchana kashuka stendi ya Msamvu na tranka, godoro na ndoo mbili. Aliondoka hapa na ndoo moja.

Shangazi Tanga: Alhamdulillahi! Kidato cha sita kwisha 🎉🎉 Wifi mlishe huyo, hiyo shingo kwenye picha imekuwa ya korongo.

Hamisi: Ndoo siku hizi zinazaa?

Baba Mkubwa: Marahaba shemeji. Mpe hongera. Apumzike siku mbili tatu, Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, hawana subira.

Mama Hamisi: Orodha yao ninayo mkononi. Bukta ya bluu, fulana ya kijani, raba, shuka mbili za bluu bahari. Nilidhani nimemaliza kununua vitu kumbe nimepumzika tu.

Hamisi: Mama na wewe, hiki kizazi kimesoma tano na sita bila ada. Ada imefutwa 2022, mimi nimeshaondoka zamani. Mimi mlinilipia 70,000 kwa mwaka.

Mama Hamisi: Ada ndiyo imefutwa. Godoro umesikia limefutwa? Nauli? Madaftari?

Shangazi Tanga: 😂😂 Hamisi kaa kimya.

Hamisi: Nimekaa.

Mama Hamisi: Amelala tangu saa tisa, hata chakula hajamaliza. Nimefungua tranka nitoe nguo chafu, nimekuta hii.

*[picha]*

Mama Hamisi: Ni risala ya mahafali yao. Siku ile nilikaa nyuma kabisa na spika zinakoroma, sikuambulia kitu. Ina wino mwekundu mwingi kama mtihani wa mtu aliyefeli.

Shangazi Tanga: Picha haisomeki kwa macho yangu haya. Niandikie wifi.

Mama Hamisi: "Ndugu mgeni rasmi, mkuu wa shule, walimu, wazazi na walezi, mabibi na mabwana. Tulianza kidato cha tano mwaka 2023 tukiwa wanafunzi 61. Leo tunahitimu 58. Wenzetu watatu hatuko nao kutokana na sababu mbalimbali." Halafu zinakuja changamoto. Uhaba wa maji, uchakavu wa bwalo, kompyuta chache.

Hamisi: Hiyo risala ni moja nchi nzima, wanabadilisha idadi tu. Ya kwetu ingekuwa hivyohivyo, bahati yake hatukuwa na mahafali.

Salma: Kwa nini hamkuwa na mahafali kaka?

Hamisi: Korona mdogo wangu. Machi 17, 2020 shule zote zimefungwa, sisi tunajiandaa na mtihani wa mwezi wa tano. Tumerudi Juni mosi, mtihani ukaanza Juni 29. Kila mlango una ndoo ya koki na sabuni. Nani aandae pilau la mahafali?

Mama Hamisi: Na Rehema alikuwa kidato cha pili. Mlikaa wote hapa zaidi ya miezi miwili mnagombania meza ya chakula, huyu anasoma Jiografia, huyu anaimba kanuni za Hisabati. Unga wa mwezi unaisha wiki mbili.

Hamisi: Rehema ndiye alikuwa anakula, mimi nilikuwa na mawazo ya mtihani.

Rehema: Nimeamka. Shikamooni wote. Kaka, ugali wa baridi usiku nani alikuwa anaupasha?

Hamisi: Mhitimu ameingia jamani 👏👏

Baba Mkubwa: Marahaba mwanangu. Hongera kwa kumaliza.

Rehema: Asante Baba Mkubwa. Hiyo tarehe ya Machi 17 mimi ninayo mbili. Mwaka uliofuata, 2021, tuko bwenini taa zimezimwa. Matroni akaingia na redio mkononi, hakuzungumza, akaiweka tu kwenye dirisha. Ndiyo tukasikia Mama Samia anatangaza Rais Magufuli amefariki. Wasichana themanini na mtu hakohoi.

Shangazi Tanga: Kwetu ilikuwa Oktoba 14, 1999, Mwalimu Nyerere. Nipo kidato cha tatu. Mkuu wa shule alikuwa hatoi kofia hata kwenye mvua. Siku ile alikuja mstarini kichwa wazi. Tulijua kabla hajafungua mdomo.

Baba Mkubwa: Na mimi ni Waziri Mkuu Sokoine, Aprili 12, 1984. Tulikuwa shambani, maana zamani zile ilikuwa Elimu ya Kujitegemea, jembe lilikuwa somo. Mwalimu wa zamu alikuja anatembea kati ya matuta polepole, jambo ambalo si kawaida yake, yeye alikuwa mtu wa filimbi. Tukaweka majembe chini.

Salma: Bibi ametuma sauti hapa, nawaandikia. Anasema ninyi wote mmesomeshwa mkawa mnakumbuka misiba tu. Anauliza kusoma mlisoma lini.

Hamisi: 😂😂😂 Bibi!

Baba Mkubwa: Mwambieni mama nilisoma. Nilikwenda Tabora kwa waranti ya treni, daraja la tatu, nimekalia begi langu usiku kucha. Kipande kimoja cha sabuni tunakigawa kwa uzi watu wanne. Mwaka ule sabuni ilikuwa haionekani dukani, na ikionekana hulali.

Shangazi Tanga: Sisi sabuni ilikuwepo, shida ilikuwa makande ya Ijumaa. Mpaka leo nikisikia harufu yake natafuta foleni nijipange.

Rehema: Makande yapo bado Shangazi. Yale yale nadhani.

Salma: Dada na tahasusi, yale masomo matatu ya kuchagua? Mimi naingia la tano mwaka huu, tumeambiwa ziko 65, nimechanganyikiwa kabisa.

Rehema: Zimeanza na wadogo zetu wa 2024. Sisi ilikuwa zilezile za zamani. Mimi HGL, Historia, Jiografia na Kiingereza, sikuchagua kwa akili nyingi, nilikimbia Fizikia.

Mama Hamisi: Rehema, na hapa chini ya wino mwekundu pameandikwa nini? Nimejaribu kusoma. Kuna mstari umekatwa mara mbili halafu mwalimu kaandika pembeni "weka: sababu mbalimbali."

Hamisi: Mlikuwa mmeandika nini?

Rehema: Mama hiyo ulitoa wapi 😭

Mama Hamisi: Kwenye tranka, chini ya shuka.

Rehema: Tulikuwa tumewaandika wale watatu. Kamati ya risala tulikuwa sita na wote tulikubaliana. Tuliandika: mmoja amehamia shule ya kutwa karibu na kwao kwa sababu mama yake anaumwa na hakuna mwingine wa kumuuguza. Mmoja alikwenda likizo ya Desemba hakurudi, na simu yake haipatikani mpaka leo. Na mmoja tumemzika Machi 2024.

Shangazi Tanga: Inna lillahi. Yule uliyesema alikuwa kitanda cha juu yako?

Rehema: Ndiyo Shangazi. Dabodeka moja, yeye juu mimi chini.

Hamisi: Sasa mwalimu amekata kwa nini? Hapo kuna kosa gani? Hawa walimu wanapenda mambo ya juujuu.

Rehema: Alisema mgeni rasmi asije akaondoka na huzuni.

Hamisi: Aondoke nayo! Nyie mmekaa nayo mwaka mzima.

Baba Mkubwa: Hamisi.

Hamisi: Samahani Baba Mkubwa.

Baba Mkubwa: Hukunikosea. Nataka kusema jambo, nimeandika nimefuta mara tatu. Nimefundisha miaka thelathini na moja, na kazi ya kusahihisha risala nilikuwa napewa mimi kila mwaka kwa sababu ya mwandiko. Hayo maneno "sababu mbalimbali" nimeyaandika kwa mkono wangu sijui mara ngapi. Watoto wanaleta karatasi wameandika fulani ameolewa, fulani amekwenda machimboni, fulani amefariki. Nakata. Nawaambia risala ni dakika tano, mgeni rasmi amekuja na bahasha, tumuombe saruji.

Baba Mkubwa: Na saruji tulikuwa tunapata, sitadanganya. Lipo bwalo lililoezekwa kwa risala zangu.

Shangazi Tanga: Kaka, na wewe ulikuwa unafanya kazi uliyopewa.

Baba Mkubwa: Ndiyo. Lakini majina ya waliokatwa nayakumbuka, ya wageni rasmi siyakumbuki hata mawili.

Salma: Bibi kanyamaza, anasikiliza.

Baba Mkubwa: Rehema mwanangu, huyo wa kitanda cha juu alikuwa anaumwa nini?

Rehema: Selimundu, siko seli. Alizaliwa nayo. Kila asubuhi kidonge chake cha foliki, na maji mengi, chupa haimtoki mkononi hata mstarini. Mwalimu mpya mmoja alitaka kumnyang'anya, darasa zima tukasimama. Akikaa na kiu au akipigwa baridi, mifupa inamuuma mpaka anauma shuka. Kwa hiyo bwenini tuliweka utaratibu, hatukuambiwa na mtu. Bomba likikatika, zamu ya kisimani ikirudi, ndoo ya kwanza kujaa ni yake. Hata kama ni siku ya mtihani. Na usiku wa baridi anashuka kulala na mimi chini, anasema kule juu upepo unapita.

Rehema: Machi ile alikwenda kwao kutibiwa. Alisema Jumapili atarudi, akaniachia ndoo nimuwekee maji.

Mama Hamisi: Ndiyo hii.

Rehema: Ndiyo hiyo mama.

Hamisi: Ah.

Rehema: Ndoo zote tuliandika kwa rangi ya kucha, jina na F5 HGL. Tulipoingia la sita tukabadilisha, ile tano unaikunjia tumbo inakuwa sita. Nyekundu ni yangu, ina sita. Ile ya bluu ina tano.

Shangazi Tanga: Nalia mwenzenu, niko dukani, wateja wananiangalia.

Rehema: Mama yake nilimpigia kwa simu ya matroni nimpelekee. Akasema kaa nayo mwanangu, hapa nikiiona sitaweza. Ndiyo nikaja nayo.

Baba Mkubwa: Hiyo karatasi usiitupe. Ukipata nafasi kabla ya kwenda kambini isome kwa sauti, yote, na ya wino mwekundu, unitumie. Isome taratibu. Nina muda.

Rehema: Sawa Baba Mkubwa. Kesho asubuhi.

Salma: Bibi anasema isomwe hapahapa kwenye kikundi, na yeye yumo.

Hamisi: Mimi nitanunua hizo raba za JKT. Namba ngapi siku hizi, 39?

Rehema: 40 kaka. Asante.

Mama Hamisi: Rehema mwanangu, ile ndoo mchana nilikuwa nimeroweka maharage humo. Sikujua. Nimeyahamishia kwenye sufuria, nimeiosha kwa maji tu, sijaipitishia steli waya. Iko chumbani kwako, nimeifunika na sinia.