Mradi wa saa ya jua kwa madarasa ya kati: vipimo, makosa, na namna ya kuunganisha masomo

Mwl. Pembetatu aliuliza:

Habari zenu walimu. Tuko walimu wanne (Hisabati, Sayansi, Jiografia na Lugha) na wanafunzi 36 wa miaka 12 hadi 14. Tunataka mradi mmoja wa wiki nne ambapo kila kikundi kitatengeneza saa ya jua inayosomeka kweli, si pambo la ukutani. Tuna vipindi vitatu kwa wiki, dakika 40 kila kimoja. Latitudo yetu ni ndogo, kama digrii 5.

Tumekwama hapa:

1. Violezo vya kuchapisha vya saa inayolala chini havitufai. Tukichora kwa latitudo yetu, mistari yote inasongamana katikati.
2. Saa ya majaribio ipo nyuma ya saa ya mkononi kwa dakika 25, asubuhi hadi jioni. Tumepima pembe upya mara tatu na hazina kosa.
3. Lugha imeingizwa kwa nguvu: "andika insha kuhusu jua." Watoto wenyewe wanaona kwamba imebandikwa.
4. Tutoe vipi alama za kila mwanafunzi wakati kifaa ni cha kikundi?

---

Kivuli Kifupi alijibu:

Swali la 1 kwanza, maana hilo likikosewa mengine yote hayana faida.

Saa inayolala chini ina kanuni yake: tanjenti ya pembe ya mstari ni sawa na saini (sine) ya latitudo mara tanjenti ya pembe ya saa (digrii 15 kwa kila saa kutoka adhuhuri). Kwa latitudo 40, mstari wa saa 7 mchana unakaa digrii 9.8 kutoka mstari wa saa 6, na wa saa 9 unakaa digrii 32.7. Kwa latitudo 5, saa 7 iko digrii 1.3 tu, saa 9 iko digrii 5, na hata saa 11 jioni iko kama digrii 18 tu. Hakuna mtoto atakayesoma hapo. Si kosa lenu, ni aina ya saa isiyofaa mahali penu.

Tumieni saa ya kiikweta: kisahani kinachosimama sambamba na ikweta ya dunia, na kijiti kinachokitoboa katikati kwa pembe mraba kikiwa sambamba na mhimili wa dunia. Mistari yote huachana kwa digrii 15 sawasawa, popote duniani, na tanjenti haihitajiki. Kipimapembe kinatosha.

Vipimo kwa latitudo 5:

- Ubao wa chini, sm 40 kwa sm 25.
- Nguzo mbili zilizoachana sm 30. Moja ina urefu wa sm 13, nyingine sm 15.6. Hiyo tofauti ya sm 2.6 ni 30 mara tanjenti ya digrii 5. Wasiojua tanjenti wachore pembetatu ya digrii 5 kwa kipimo halisi kwenye karatasi kubwa, wapime kimo kwa rula.
- Kijiti kilichonyooka kabisa: sindano ya kufumia au spoki ya baiskeli, unene wa mm 2 hadi 3, kikiegemea vichwa vya nguzo zote mbili. Ncha iliyo juu ielekee kaskazini kama mko kaskazini mwa ikweta, kusini kama mko kusini. Chomekeni shanga kwenye ncha, macho ya watoto yapo kwenye kimo hicho wakiinama.
- Kisahani chenye kipenyo cha sm 20, katikati ya kijiti. Msitumie kadibodi, inajikunja kwa unyevu kabla ya wiki ya pili kuisha. Mfuniko bapa wa ndoo ya plastiki ni bora kuliko plaiwudi nyembamba.

Mistari ichorwe pande zote mbili, kwa sababu jua huangaza uso wa kaskazini kuanzia karibu tarehe 20 Machi hadi tarehe 22 au 23 Septemba, kisha uso wa kusini kwa miezi inayobaki. Na namba za nyuso hizo mbili haziendi upande mmoja! Ukiutazama uso wa kaskazini, namba zinafuata mwendo wa mishale ya saa. Uso wa kusini zinakwenda kinyume. Vikundi vingi hunakili uso mmoja kwenda mwingine na kupata saa inayorudi nyuma.

Sasa jambo ninalolipenda kuliko yote katika mradi huu. Asubuhi jua likiwa mashariki, kivuli cha kijiti kinalala kuelekea magharibi: hapo ni saa 12 asubuhi, yaani sifuri. Kila saa kinashuka digrii 15. Kwa hiyo saa kama tunavyoihesabu kwa Kiswahili ikizidishwa mara 15 ndiyo pembe yenyewe kutoka magharibi: saa 1 ni 15, saa 2 ni 30, saa 6 ni 90, chini kabisa ya kijiti. Saa 10 ni 150. Msiwape watoto jedwali. Waacheni waione wenyewe wakiwa wanapima.

Upungufu wake mmoja: siku kama saba kabla na baada ya ikwinoksi (zile tarehe za Machi na Septemba ambapo jua huhama uso), miale hupita ikigusa kisahani ubavuni na kivuli hakisomeki. Zungusheni ukanda wa plastiki nyeupe kwenye ukingo wa nusu ya chini, utokeze sm 2 kila upande, na mistari iendelee juu yake. Kivuli kitaangukia ndani ya ukanda.

---

Saa Sita Kamili alijibu:

Kuhusu dakika 25: msivunje chochote. Semeni kwanza mlipima tarehe gani, na shule iko digrii ngapi kutoka meridiani ya saa za eneo lenu, yaani mstari wa longitudo ambao saa rasmi inafuata.

---

Mwl. Pembetatu:

Tarehe 12 Februari. Tuko digrii 3 magharibi mwa meridiani hiyo.

---

Saa Sita Kamili:

Basi saa yenu ni nzima.

Dunia inazunguka digrii 15 kwa saa, sawa na dakika 4 kwa digrii moja. Mkiwa digrii 3 magharibi, jua linawafikia likiwa limechelewa dakika 12. Ongezeni tofauti ya pili: njia ya dunia kulizunguka jua si duara kamili na mhimili wake umeinama digrii 23.4, kwa hiyo siku ya jua haina urefu uleule mwaka mzima. Karibu na tarehe 11 Februari saa ya jua iko nyuma dakika 14. Mwanzoni mwa Novemba iko mbele dakika 16. Tofauti hii hupita sifuri mara nne, karibu na 15 Aprili, 13 Juni, 1 Septemba na 25 Desemba.

12 na 14 ni 26. Nyinyi mmepata 25. Dakika moja iliyobaki ni robo ya digrii, na hakuna kipimapembe cha darasani kinachoweza kuahidi hivyo.

Angalieni mlichokipata bila kukitafuta: hilo ndilo somo la Jiografia. Mtoto aliyeshika kifaa alichokitengeneza mwenyewe na kukuta kimepishana na saa ya ukutani ana sababu ya kutaka kujua longitudo ni nini. Ushauri wangu ni kutofundisha masahihisho haya kabla. Acheni tofauti ijitokeze wiki ya tatu, kisha mwalimu wa Jiografia aingie na dakika 12 na mwalimu wa Sayansi aingie na dakika 14.

Makosa halisi yana dalili zake, na wanafunzi wajifunze kuzisoma kama fundi:

Tofauti ileile kutwa nzima, baada ya kusahihisha: ubao umeinama kuelekea mashariki au magharibi, au kisahani kimezunguka kwenye kijiti. Karibu na ikweta kila digrii moja ni dakika 4. Tumieni pima maji, na timazi (uzi wenye uzito mwishoni) ipite kwenye mstari wa saa 6.

Tofauti inayobadilika ndani ya siku moja: kijiti hakipo katikati. Milimita 2 tu pembeni, kwenye kisahani cha sm 20, ni digrii 1 na ushee kwa baadhi ya mistari na sifuri kwa mingine.

Saa iliyokuwa sahihi Machi, kisha mwishoni mwa Juni ikaharibika: mwelekeo wa kaskazini si sahihi. Hili huwachanganya hata walimu. Kwa latitudo ndogo, kosa la digrii 10 la mwelekeo huonekana kidogo tu wakati wa ikwinoksi, lakini mwishoni mwa Juni linafikia dakika 17 hivi adhuhuri, na Desemba linageuka upande wa pili. Kwa hiyo msiseme mwelekeo ni sawa kwa sababu tu saa ilisoma vizuri mwezi Machi.

Na dira msiitegemee. Inaonyesha kaskazini ya sumaku, na meza ya chuma iliyo karibu inaipotosha zaidi.

---

Fundi Timazi alijibu:

Naongezea namna ya kupata kaskazini ya kweli, maana hiyo ndiyo kazi ya wiki ya kwanza na ndiyo inayofungua kila kitu.

Simamisheni kijiti wima juani, lakini msipime ncha ya kivuli chake. Jua lina upana wa nusu digrii angani, kwa hiyo kijiti cha sm 50 jua likiwa katikati ya utosi na upeo hutoa ncha yenye ukungu wa karibu sm 1, na kila mtoto ataweka alama pake. Badala yake lazeni kadi ya sm 6 kwa sm 6 juu ya kijiti, yenye tundu la mm 3. Chini itatokea doa la mwanga la mviringo. Alama iwekwe katikati ya doa. Kisha teremsheni timazi kutoka kwenye tundu: inapogusa ndipo kitovu, hata kijiti kikiwa kimeinama kidogo.

Kutoka kitovu hicho chora duara tatu kwa uzi na chaki, nusu kipenyo sm 30, 40 na 50. Kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 9 alasiri weka alama kila dakika 15; alama za karibu na duara ziwe kila dakika 5. Doa litaikata kila duara mara mbili, kabla na baada ya adhuhuri. Unga alama hizo mbili: huo ni mstari wa mashariki na magharibi. Mistari mitatu, chukua wastani wa mwelekeo wake. Ikipishana zaidi ya digrii 2, sakafu haiko sawa au kuna aliyegonga kijiti.

Kwa latitudo yenu msitumie njia ya "kivuli kifupi kuliko vyote". Kuna majira ambapo jua linapita karibu na utosi, kivuli kinakuwa kifupi mno na kinageuka haraka kiasi kwamba dakika tano zinabadilisha mwelekeo kabisa.

Mawingu: tengeni siku tatu kwa kazi ya siku moja. Jozi moja ya alama kwenye duara moja inatosha kuokoa siku. Na kila kipindi cha nje kianze kwa onyo lilelile, kwamba macho yanatazama kivuli, kamwe hayatazami jua.

---

Daftari la Darasa alijibu:

Swali la 3 na la 4 ni swali moja.

Kipimo changu cha kujua kama somo limeingia kweli: liondoe, kisha uone kama kifaa kinaharibika. Ondoa insha kuhusu jua, saa inaendelea kusoma. Kwa hiyo ile insha haina kazi. Sasa wapeni kazi hii: kila kikundi kiandike maelekezo ya matumizi yasiyozidi maneno 150, yakiwa na jedwali la masahihisho kwa miezi. Wiki ya nne, wanafunzi watano wa darasa jingine waje mmoja mmoja, wasome maelekezo, waseme ni saa ngapi. Wenye saa wanyamaze. Andikeni kila msomaji amekosea dakika ngapi.

Hapo Lugha inapimika. "Ongeza au punguza kulingana na mwezi" itawafanya wasomaji watatu kati ya watano waongeze pale pa kupunguza, na kundi litaona kwa namba kwamba sentensi yao ndiyo mbovu, si mbao zao. Wapeni nafasi ya kuandika upya na kupima tena, bila hiyo raundi ya pili zoezi linapoteza nusu ya thamani yake.

Historia nisingeiingiza hapa, labda mpate shule rafiki ya kurudia kipimo cha Eratosthenes, Mgiriki wa kale aliyepata mzingo wa dunia kutokana na kivuli cha digrii 7.2, moja ya hamsini ya duara. Shule hiyo iwe mbali kwa kaskazini-kusini. Digrii moja ni kama km 111, na watoto hukosea nusu digrii kwa urahisi. Shule zikiachana km 100 jibu linaweza kukosea kwa nusu nzima. Km 1,000 ndipo panaanza kuridhisha. Na jua likiwa kati ya shule hizo mbili, moja ikiliona kusini na nyingine kaskazini, pembe hujumlishwa, hazitolewi.

Alama: vikundi tisa vya watu wanne. Kazi ni mpimaji, mjenzi, mwandishi na mhakiki, zibadilishwe kila wiki. Zikibadilishwa kila siku hakuna anayemaliza chochote. Alama 40 ni za kikundi: usahihi wa saa baada ya masahihisho na matokeo ya wasomaji watano. Alama 60 ni za mtu mmoja mmoja. Kati yake, 30 ni daftari lake la vipimo, likiwa na saa na tarehe kwa kila alama aliyoweka mwenyewe. Nyingine 30 ni zoezi la mwisho: kila mwanafunzi apewe tarehe na longitudo zake peke yake, pamoja na grafu ya saa ya jua inavyotangulia au kuchelewa mwaka mzima, na aseme saa ya mkononi inasoma nini kivuli kikiwa kwenye saa 4 na nusu. Tarehe 36 tofauti, hakuna cha kunakili.

---

Mwl. Pembetatu:

Nashukuru sana. Swali moja la mwisho: anga likiwa na mawingu wiki nzima ya majaribio, wasomaji watano watasoma nini?

---

Fundi Timazi:

Tochi, ndani ya chumba chenye giza. Mfunge uzi wa mita 2 kwenye kitovu cha kisahani, tochi iwe mwisho wa uzi ili umbali usibadilike, na uisogeze mbele ya uso mnaoupima kwa kama digrii 15 nje ya ubapa wa kisahani. Itapima mistari na maelekezo tu. Mwelekeo wa kaskazini na dakika 26 zenu zitasubiri jua.