Naomba ushauri: pakiti zinazunguka kati ya itifaki za njia OSPF na RIP

Wataalamu, salamu kutoka Malindi. Mtandao wetu wa mjini ni OSPF. Tawi la Watamu bado lina rauta kuukuu za RIP toleo la 2. Mpakani kuna rauta mbili, kila moja ikihamisha njia pande zote. Ya pili inasikia njia za Watamu kupitia OSPF (umbali wa kiutawala 110; ulio mdogo ndio huaminiwa), inaziamini kuliko RIP (120), kisha inazirudisha Watamu kwa metriki (gharama ya njia) ndogo. Pakiti zinazunguka hadi TTL (idadi ya hatua zinazoruhusiwa) iishe. Nikizima moja, shwari, ila bosi hataki kusikia habari za kutegemea rauta moja.

Nafikiria kuzitia tagi (alama) njia zinazotoka RIP, zikataliwe zisirudi huko. Lakini tagi pekee si itaacha rauta ya pili ikipeleka pakiti za Watamu kwa njia ndefu kupitia mjini? Au nipandishe pia umbali wa njia za nje za OSPF (zilizoingizwa kutoka itifaki nyingine) hadi 130?