Naomba ushauri: kitanda cha mtoto chenye mianya mipana

Asalaam aleikum mama zangu na dada zangu. Niko Lamu, Langoni, na mwanangu ana miezi miwili. Mavyaa wangu ametuletea kitanda alicholelewa mume wangu, cha mvule, kizito, kimetiwa nakshi kichwani. Nakipenda, na najua amekitoa kwa moyo.

Shida ni fito za ubavuni. Nimepima: kati ya fito na fito ni sentimita 9, na nijuavyo isizidi 6.5, mwili usije ukapenya kichwa kikanasa. Nikaziba mianya kwa mito. Usiku huohuo nikakuta mmoja umemwangukia shavuni, pua imebakia kidogo tu kuzibika. Nikaitoa yote, mikono inanitetemeka. Tangu hapo analala chali kwenye kigodoro chake sakafuni, kando yangu, kitanda kiko kitupu. Godoro la sponji nalo ni dogo, vidole vinne vinaingia pembeni. Hilo nitalikatisha jipya, gumu, lijae sawasawa.

Fundi anataka kuongeza fito kwa misumari. Naogopa mbao kongwe itapasuka, au msumari utokeze ndani.

Waliowahi kufanyiwa kazi hii: fito zipigiliwe, zitiwe skrubu, au zitobolewe tundu na kuchomekwa kwa gundi? Na chandarua nikifunge wapi, maana mbu hawatuachi, ila akianza kushika vitu asikivute kikamwangukia?

Kama ni bora nisikitumie kabisa, niambieni wazi, na namna ya kumweleza mavyaa bila kumvunja moyo.