VMware, Proxmox, Hyper-V au XCP-ng: seva za ofisi mnaziendesha na ipi, na kwa nini?

FundiSeva_DSM (Dar es Salaam), mtoa mada

Wakuu, habari za kazi. Nasimamia chumba cha seva cha kampuni ya usambazaji wa bidhaa za dukani. Tuna seva tatu zinazofanana, kila moja ina prosesa mbili za viini 10 na RAM ya GB 256. Diski ni SSD zilizo ndani ya kila seva, hatuna SAN (hifadhi ya pamoja ya seva zote). Juu yake kuna mashine pepe (kompyuta za kiprogramu ndani ya seva) kama 20 hivi. Nyingi ni Windows: uhasibu, hifadhidata ya SQL, Active Directory (AD, mfumo wa akaunti za watumiaji), mafaili ya pamoja. Linux ni chache. Zote ziko kwenye vSphere 7, programu ya VMware ya kuendesha mashine pepe, kwa leseni za kudumu tulizonunua zamani.

Yaliyotokea mnayajua. Broadcom ilikamilisha kuinunua VMware Novemba 2023, na mwezi uliofuata leseni za kudumu zikaondolewa sokoni. Sasa unalipia kwa muda, kwa hesabu ya viini. Na vSphere 7 imeisha muda wake wa kuhudumiwa tangu tarehe 2 Oktoba 2025. Mashine zinaendelea kuwaka, ila kila tundu jipya la usalama likitangazwa silali vizuri.

Kinachonikwaza zaidi ni kiwango cha chini: kila prosesa inahesabiwa viini 16 hata kama ina pungufu. Sisi tuna viini 60 halisi, lakini tutalipia 96. Uongozi unataka mapendekezo kwa maandishi. Naomba uzoefu wa wanaoitumia kazini, siyo waliojaribu nyumbani. Yanayonisumbua ni bakapu, kuhamisha Windows bila kuiharibu, na umeme.

NdovuWaRaki (Nairobi)

Ndugu, sisi tulitoka VMware tukaingia Proxmox, na sioni tukirudi. Ni KVM (injini ya mashine pepe ya Linux) juu ya Debian, inatengenezwa na kampuni ya Vienna, Austria, na toleo la kwanza lilitoka 2008. Klasta (seva kadhaa zilizounganishwa), kuhamisha mashine ikiwa inaendelea na kazi, mashine kuinuka yenyewe kwenye seva nyingine (HA): vyote unavyo hata kama hujalipa senti. Unacholipia ni masasisho yaliyopimwa zaidi, na ukipanda ngazi unapata msaada wa mafundi wao. Wanahesabu soketi, yaani prosesa, kwa hiyo wewe ni soketi sita tu. Ila seva zote za klasta ziwe ngazi moja ya malipo. Usipange kulipia moja ukafaidi tatu.

Kuhamisha: tangu toleo 8.2 la Aprili 2024 Proxmox inaweza kuunganishwa moja kwa moja na ESXi (programu ya VMware iliyo kwenye kila seva), ikakuonyesha orodha ya mashine, ukachagua, ikavuta. Iunganishe na ESXi yenyewe. Ukipitia vCenter, inayosimamia ESXi zote, mwendo unashuka mno. Futa pia snapshoti zote (picha za hali ya mashine kwa wakati fulani) kabla hujaanza, zinaifanya kazi iburute.

Windows ndiyo inayotaka utulivu. Mpangilio tunaofuata ni huu. Mashine ikiwa bado VMware, ondoa VMware Tools na uweke draiva za VirtIO, zinazoiwezesha Windows kutumia diski na mtandao wa Proxmox. Andika anwani ya IP na anwani ya MAC ya kila kadi ya mtandao. Zima, vuta, kisha upande wa Proxmox iwashe mara ya kwanza diski ikiwa kwenye SATA. Ongeza diski ndogo ya GB 1 kwenye VirtIO SCSI, Windows iione na kuipakia draiva yake. Zima tena, toa hiyo ndogo, hamishia diski kuu VirtIO SCSI, rekebisha mpangilio wa kuwaka, washa. Ukiruka hatua ya diski ndogo, uwezekano ni mkubwa ukutane na skrini ya buluu inayosema INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE.

Baada ya hapo Windows itaona kadi ya mtandao kama mpya, na IP ya zamani itakuwa imebaki kwenye kadi iliyofichika. Ifute ile kadi kwenye Device Manager ndipo uandike IP upya. Na programu za uhasibu nyingi hufunga leseni yake kwenye MAC, kwa hiyo ipe mashine MAC ileile ya zamani. Hili limetuokolea simu nyingi za kubembeleza wauzaji.

Uhifadhi: kwa seva tatu utasikia watu wakikuambia Ceph, inayounganisha diski za seva zote kuwa hifadhi moja. Inawezekana, tatu ndiyo idadi ya chini, lakini kwa kawaida inaweka nakala tatu za kila kitu. TB 12 zinakuachia TB 4, na ukweli ni chini ya hapo kwa sababu huwezi kujaza mpaka juu. Inataka pia mtandao wa gigabiti 10 kwenda mbele. Kwa kazi uliyoieleza mimi ningeweka ZFS (mfumo wa kuhifadhi mafaili) kwenye kila seva na kunakilisha kwenda jirani. Chaguo-msingi ni kila dakika 15, na unaweza kushuka hadi dakika moja. Seva ikifa, unapoteza yaliyoandikwa tangu nakala ya mwisho, kwa hiyo waulize watu wa uhasibu kama hilo wanalibeba. Kadi ya RAID (inayounganisha diski) iwe katika hali ya kupitisha diski moja kwa moja, maana ZFS inataka kuziona diski zenyewe.

Mwl_Hyper (Mwanza)

Mkuu mtoa mada, kabla hujafika mbali hesabu Windows zako. Windows Server Standard inakupa haki ya mashine pepe mbili kwenye seva ambayo viini vyake vyote vimelipiwa. Ukitaka nne, unavilipia viini vyote tena. Datacenter haina kikomo. Sheria hii inakufuata kokote, uwe VMware, Proxmox au XCP-ng, na watu wengi wanaisahau wakidhani kuhamia programu huria kunafuta gharama zote.

Ongeza na hili: kama mashine ya Windows inaweza kuhamia seva ya pili au ya tatu, seva hizo nazo ziwe na leseni ya kuitosha. Ukiwa na Windows kumi na kitu zinazozunguka seva tatu, Datacenter inaanza kuingia akilini. Na ukishailipia, Hyper-V, ambayo ni ya Microsoft, unayo tayari ndani yake. Hapo ndipo mimi naona watu wanakimbilia Proxmox huku wameshalipa mahari ya Hyper-V.

Ubaya wake niuseme pia. Sasisho za kila mwezi hutoka Jumanne ya pili na kwa kawaida zinataka seva iwashwe upya, kwa hiyo utakuwa unahamisha mashine huku na huku kila mwezi. Klasta imezoea kutegemea Active Directory, basi usiweke AD yote ndani ya klasta hiyohiyo. Umeme ukikatika kila kitu kikazimika, klasta inaamka inatafuta AD, na AD yenyewe iko ndani ya klasta. Acha kidhibiti kimoja cha AD nje, hata kwenye kompyuta ndogo. Windows Server 2025 imelegeza jambo hili kwa klasta zisizo na AD, lakini mimi bado naweka kimoja nje. Na ile Hyper-V Server ya bure, toleo la mwisho ni la 2019 na msaada wake unakoma Januari 2029. Usijenge kitu kipya juu yake.

BintiKilindini (Mombasa)

Kaka, mimi sitakuchagulia. Nakuuliza tu: lini mara ya mwisho ulirudisha mashine nzima kutoka bakapu, ikawaka, mtu wa uhasibu akaingia akaona hesabu zake? Jibu la hapo lina uzito kuliko jina la programu.

Snapshoti usiihesabu kuwa bakapu. VMware wenyewe wanashauri isikae zaidi ya saa 72. Februari 2023 seva nyingi za ESXi duniani zilivamiwa na ESXiArgs, programu inayofunga mafaili na kudai fidia. Ilihusishwa na tundu ambalo kiraka chake kilikuwa kimetoka tangu Februari 2021. Mwenye bakapu ndani ya seva hizohizo alipoteza vyote kwa mpigo. Ukurasa wa kusimamia seva uwekwe kwenye VLAN (mtandao uliotengwa) yake peke yake, usifikike kutoka intaneti wala kutoka kwenye kompyuta za wafanyakazi.

Kwa Proxmox, tumia Proxmox Backup Server kwenye mashine nyingine kabisa. Inachukua vipande vilivyobadilika tu, na kipande kinachojirudia inakihifadhi mara moja. Kwa Windows nyingi kama zako, nafasi inayookolewa utaiona kwenye diski. Washa ukaguzi wa nakala ujiendeshe kila wiki, na upeleke nakala nyingine jengo jingine. Kama mmezoea programu ya bakapu ya Veeam, nayo inaitambua Proxmox tangu 2024.

Mdau_Muscat (Muscat)

Assalaam alaykum ndugu zangu. Niweke upande wa wanaobaki VMware, maana hapa naona wote mmeshafunga mizigo.

Kituo ninachofanyia kazi kina mamia ya mashine pepe juu ya SAN za Fibre Channel. VMFS, mfumo wa mafaili wa VMware, inaruhusu seva nyingi kuandika kwenye diski moja ya SAN kwa wakati mmoja, na snapshoti zinafanya kazi bila tatizo. Proxmox juu ya SAN ya namna hii inatumia LVM, mgawanyo wa diski wa Linux, na kwa miaka mingi snapshoti hapo hazikuwepo. Zimeingia toleo la 9 la Agosti 2025, tena kama teknolojia ya majaribio. Kwa hifadhidata za benki siwezi kuegemea neno "majaribio". Tuna pia DRS inayosawazisha mzigo yenyewe, na kanuni nyingi za usalama zimeandikwa ndani ya NSX, programu ya mtandao ya VMware. Kuyatoa yote hayo ni mradi mkubwa wa watu wengi.

Lakini kwa mwenye seva tatu na SSD za ndani kama wewe, ndugu FundiSeva, sina hoja ya kukubakisha. Kulipia viini 96 kwa mashine 20 ni kuuonea mfuko wa kampuni.

Kipanga77 (Arusha)

Na wingu je? Mbona hakuna anayelitaja?

FundiSeva_DSM

Mkuu Kipanga, tulilijadili. Mei 2024 kebo za EASSy na Seacom zilipokatika baharini, intaneti ya nchi nzima ilizorota, lakini maghala yetu yaliendelea kutoa ankara kwa sababu mfumo uko hapa ndani. Bakapu ya mbali tutaipeleka wingu. Mfumo wenyewe unabaki.

Umugenzi_IT (Bujumbura)

Habari zenu wote. Naona XCP-ng imeandikwa kwenye kichwa cha mada halafu ikasahaulika. Ilianza 2018 baada ya Citrix kupunguza vipengele vya bure vya XenServer, programu yake ya mashine pepe, na nyuma yake iko Vates ya Grenoble, Ufaransa. Kwa sisi wa huku, kupata msaada kwa Kifaransa ni jambo kubwa. Xen Orchestra inasimamia seva zote kwenye kivinjari, na bakapu imo ndani yake, hununui programu nyingine. Kuvuta mashine kutoka VMware kupo pia. Kabla ya kuamua, angalia ukubwa wa diski zako: muundo wa VHD uliozoeleka hapo una kikomo cha TB 2 kwa diski moja. Kama seva yako ya mafaili ina diski ya TB 4, kwa muundo huo itabidi uigawe.

FundiSeva_DSM

Asanteni sana wakuu. Dada BintiKilindini, jana nilirudisha mashine ya uhasibu kwenye mtandao uliotengwa na mhasibu mwenyewe akaikagua, kwa hiyo naanza nikiwa na uhakika wa bakapu. Mwalimu, leseni zetu za Windows ni Standard zilizotosheleza mashine kwenye seva zilipo. Tutazipanga zisizunguke ovyo, kila moja na seva yake ya akiba iliyolipiwa.

Ninaandika pendekezo la Proxmox na ZFS. RAM inayotumika haifiki GB 400, kwa hiyo naweza kuihamisha kazi yote kwenye seva mbili, nikaifuta ya kwanza na kuweka Proxmox, nikavuta nusu ya mashine, kisha ya pili, kisha ya tatu. Linalonitia wasiwasi ni ule muda wa katikati nitakapokuwa na seva mbili tu kwenye klasta. Umeme ukikatika hapo itakuwaje?

NdovuWaRaki

Swali zuri. Kwenye klasta ya seva mbili, moja ikipotea, iliyobaki ina kura moja kati ya mbili. Huo si wingi, kwa hiyo itakataa kuwasha mashine. Weka QDevice, yaani kura ya tatu, kwenye kompyuta yoyote ndogo ya Debian iliyo nje ya hizo seva. Seva ya tatu ikishaingia, iondoe.

Na mambo mawili usiyaache. Mawasiliano ya Corosync (inayoziwezesha seva za klasta kusikilizana) yape swichi na kebo zake, au angalau yape njia ya pili. Bakapu ya usiku ikijaza waya uleule, seva zinashindwa kusikilizana, na kama umewasha HA, seva iliyokosa wingi inajiwasha upya yenyewe baada ya kama dakika moja pamoja na mashine zote zilizomo. Ukiona seva inajizima usiku wa bakapu, angalia hapo kabla hujalaumu stima.

La pili ni UPS. Sakinisha NUT (programu inayozima seva kwa utaratibu chaji ya UPS ikikaribia kuisha) kwenye kila seva, mashine za uhasibu na SQL zipewe muda mrefu wa kujifunga, na AD iwe ya kwanza kuwaka na ya mwisho kuzima. Mpangilio huo unauweka kwenye kila mashine, sehemu ya Options, mstari wa Start/Shutdown order. Kumbuka tu kwamba mashine ulizozikabidhi HA hazifuati namba hizo, HA ina utaratibu wake. Vuta plagi ya UPS ukutani siku ya Jumamosi ofisi ikiwa tupu, uone kama vinazima kwa mpangilio uliouandika, kabla hujahamisha mashine hata moja ya uhasibu.